«Alichelewa kufika»: na nani alimuchelewesha?

Bukavu, Novemba 2024

Wakati mutoto muchanga anakufa ku kituo cha afya, kuko daftari ambamo wanaandika sababu ya kifo. Mu daftari hiyo kuna maneno mawili yenye yanarudia mara nyingi: «alichelewa kufika». Mutu akisoma vile anaweza kufikiri mutoto alipotelea njiani, ao mama yake alikuwa amelala usingizi. Kiisha wanafunga daftari. Hakuna swali lingine.

Sisi vijana wa harakati hii hatuko waganga. Wengi kati yetu diploma iko ndani ya kabati, na asubuhi tunaamuka bila kujua tutaenda kufanya kazi gani. Lakini mwezi wa tisa tulienda kuzika mutoto wa siku 9 hapa Kadutu, mutoto wa dada ya mumoja wetu, na toka siku ile maneno hayo mawili hayatuachi. Mwezi huu dunia inakumbuka nimonia tarehe 12, na tarehe 17 inakumbuka watoto wenye kuzaliwa mbele ya wakati. Tunaona ni wakati muzuri wa kujibu ile daftari.

SAFARI YA SIKU TATU

Mutoto alizaliwa mapema kidogo, na gramu 2.100. Mama yake iko na miaka 19, anauza nyanya kando ya barabara. Alizaa ku kituo cha afya, kiisha siku ya pili akarudi nyumbani, kwani kitanda kinalipwa kwa siku na kulikuwa mama mwingine anakingojea.

Siku ya 6, magaribi, mutoto alianza kukataa ziwa. Hakulia. Sisi wenye tulikuwa pale tulisema ametulia, ni mutoto wa adabu. Bibi yake akagusa miguu yake, akakuta ni baridi, akasema: «Iko baridi ya mvua tu, mumufunike muzuri, itapita.» Wakaingiza mbabula ndani ya nyumba, wakafunga mulango. Siku ya 7 wakanunua dawa ya maji ku farmasi ya pembeni ya njia, juu ilikuwa franka 4.000 na njo pesa yenye ilikuwa mu nyumba. Siku ya 8, usiku, mutoto alikuwa anahema mbio mbio, kifua kinazama ndani kila anapovuta pumuzi, midomo inageuka rangi.

Kule juu kwenye tunaishi, pikipiki haifiki ku mulango. Walishuka kwa miguu mu giza, ku ngazi za udongo, mvua inanyesha, mutoto ndani ya kitenge. Chini, mwenye pikipiki akaomba bei ya usiku. Kituo cha kwanza hakikuwa na oksijeni wala sindano yenye ilihitajiwa. Wakaandika karatasi ya kumutuma ku hospitali. Ku hospitali walifika saa saba ya usiku. Mashine ya oksijeni ilikuwa pale. Lakini umeme ulikuwa umekatika toka saa mbili, na jenereta ilikuwa inangojea mafuta. Tena iliombwa pesa ya kuanza mbele ya dawa kutoka. Baba ya mutoto akaacha simu yake na kadi yake ya mupiga kura kama dhamana, akaenda kugonga ku milango ya jamaa. Sindano ya kwanza ilipigwa saa kumi. Mutoto alikufa mbele ya jua kutoka. Umeme ulirudi saa tatu ya asubuhi.

Mu daftari waliandika: nimonia, alichelewa kufika.

Hatutaji kile kituo wala ile hospitali, na hatuandiki haya kwa kumusema vibaya muganga wa zamu. Alikuwa peke yake mu chumba kizima, na alilia pamoja na sisi. Sote tunajua kwamba mu inchi hii waganga wengi wanatumika miezi mingi bila mushahara wa serkali, wanaishi na kile kidogo chenye mugonjwa analipa. Tunaandika juu safari hiyo inafanana na safari za wengine wengi sana. Mama yeyote wa Kadutu, wa Bagira ao wa Panzi akisoma, atasema: hii naijua.

UGONJWA WENYE HAUPIGI KELELE

Nimonia ni ugonjwa wa mapafu. Vijidudu vinaingia, vile vifuko vidogo vya hewa vinajaa maji na usaha, na oksijeni haipiti tena muzuri kuingia mu damu. Kwa mutu mukubwa inaleta kikohozi, homa na maumivu ya kifua. Kwa mutoto wa siku chache haiji vile. Mara nyingi hakohoi. Homa inaweza kukosekana, na mwili unakuwa baridi badala ya kuwa moto. Anaacha kunyonya, analegea, anahema mbio. Njo maana inaua kimya kimya: wazazi wanangojea kikohozi, na kikohozi hakiji. Na vijidudu vikiingia mu damu, hali inaweza kubadilika ndani ya saa chache tu.

Vijidudu vingine mutoto anavipata akingali ndani ya tumbo ao wakati wa kuzaliwa, zaidi kama maji ya uzazi yametoka tangu zaidi ya saa 18 na mutoto hajazaliwa, ao kama mama alikuwa na homa wakati wa uchungu. Vingine anavipata nyuma: mikono yenye haikunawiwa, chumba chenye kujaa watu, vyombo vyenye havikusafishwa muzuri.

Hesabu za Shirika la Afya Duniani (OMS) zinasema mwaka wa 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740.000 wa chini ya miaka 5, ni kusema 14% ya vifo vyote vya umri huo. Mwaka wa 2022, watoto milioni 2,3 mu dunia walikufa mbele ya kumaliza mwezi wao wa kwanza. Karibu nusu ya watoto wote wenye wanakufa chini ya miaka 5 wanakufa mu mwezi huo mumoja. Na Kongo yetu iko kati ya zile inchi chache zenye zinazika wengi zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba ku watoto 1.000 wenye wanazaliwa wazima, 28 hawamalizi mwezi. Lengo lenye mataifa yalikubali, na letu ndani, ni kwamba ifikapo 2030 wasipite 12.

Miaka yenye imebaki ni michache. Sasa tuangalie ni nini yenye inaua kweli.

LISTE YA WAGANGA, NA NYUMA YAKE

Waganga wako na liste ya mambo yenye yanafanya mutoto mwenye nimonia afe badala ya kupona. Tumeuliza, tumesoma, liste ni ya kweli na hatubishani nayo. Lakini kila jambo limeandikwa kama vile ni tabia ya mutoto ao kosa la mama. Sisi tumegeuza kila mustari, tukaangalia nyuma yake.

«Uzito mudogo.» Mutoto mwenye anazaliwa chini ya gramu 2.500, ao mbele ya juma 37 za mimba, iko na mapafu yenye hayajakomaa na nguvu kidogo ya kunyonya. Kinga ya mama inapita kwa mutoto zaidi mu miezi ya mwisho ya mimba. Akitoka mapema, anatoka bila ile kinga. Nyuma ya mustari huo kuko mama mwenye alibeba mizigo mpaka mwezi wa nane, mwenye anakula mara moja kwa siku, mwenye malaria yake haikutibiwa. OMS inaomba mama mwenye mimba aonane na muganga mara 8. Huyu wetu alienda CPN mara mbili, juu kila mara kuna pesa ya fishi, kiisha pesa ya vipimo.

«Mwili baridi.» Mutoto mudogo anapoteza joto haraka, na mwili wake ukipoa unahitaji oksijeni zaidi, wakati mapafu hayawezi kuileta. Bukavu iko karibu meta 1.500 juu ya bahari, na nyumba zetu za mbao na mabati hazizuii baridi ya mwezi wa tisa. Familia inaingiza mbabula. Moshi na ile hewa mubaya ya makala vinaingia mu mapafu yenye tayari yamechoka. Bibi alitaka kuokoa mujukuu. Hakuna mutu alimufundisha njia ingine.

«Hakunyonya.» Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, ni kama chanjo ya kwanza. Mutoto mwenye ananyonya ndani ya saa ya kwanza, na mwenye hapewi kitu kingine, iko na bahati kubwa zaidi ya kuishi kuliko yule mwenye anapewa maji ya sukari ao chupa. Nyuma ya mustari huo kuko mama mwenye anarudi kuuza siku ya kumi, juu akibaki nyumbani hakuna mwenye atalisha wengine.

«Dawa hazikufaa.» Kuko vijidudu vyenye havikufi tena na dawa za kawaida. Tunaona kwa nini: farmasi bila muganga kila hatua 50, dawa za antibiotiki zinauzwa kama bombo, mugonjwa anatumia siku mbili na anaacha juu pesa imeisha. Tena kuko vyumba vya wazazi ambamo maji ya bomba hayafiki, na mikono ya muganga inatoka ku mutoto mumoja inaenda ku mwingine bila kunawa. Pale vijidudu vikali vinatembea kitanda kwa kitanda.

«Oksijeni chini.» Ikishuka chini ya 90% mu damu, hatari ya kifo inaongezeka sana. Kuko chombo kidogo cha kubana ku muguu wa mutoto chenye kinaonesha hesabu hiyo ndani ya dakika moja. Chini ya macho matupu, hata muganga muzuri anaweza kukosea. Na mashine yenye inatengeneza oksijeni inakunywa umeme. Bila umeme, ni kabati tu.

Kiisha mustari wa mwisho: «Alichelewa kufika.»

Kuchelewa kuko namna tatu. Kuko kuchelewa kwa nyumbani, kuko kuchelewa kwa njiani, na kuko kuchelewa kwa mulangoni. Nyumbani tulipoteza siku mbili: juu hatukujua dalili, na juu tuliogopa fakturi. Hapo tunakubali sehemu yetu. Vijana wenye wamesoma, wenye simu mu mukono, na hatukujua kwamba mutoto mwenye halii na hanyonyi iko mu hatari. Njiani tulipoteza saa mbili. Lakini ku mulango wa hospitali mutoto alifika saa saba, na sindano ilipigwa saa kumi. Zile saa tatu hakuchelewa yeye. Alikuwa pale. Kwenye kulichelewa ni mafuta ya jenereta, ni pesa ya dhamana, ni muganga wa pili mwenye hajaajiriwa.

Daftari inahesabu kuchelewa kwa mama na inasahau kuchelewa kwa serkali.

«HAKUNA PESA, KUKO VITA»

Tunajua jibu mbele hawajalisema. Vita tunaiona, hatuhitaji mutu atuelezee: wakimbizi wako mu familia zetu, bei ya unga inapanda kila juma. Lakini mutoto huyu hakupigwa risasi. Aliuawa na ukosefu wa vitu vyenye bei yake inajulikana.

Mwaka wa 2001, kule Abuja, wakubwa wa inchi za Afrika waliahidi kuweka 15% ya bajeti ku afya. Inchi yetu ilikuwa kati yao. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Mwezi wa tisa 2023, Kinshasa, serkali ilianzisha mupango wa uzazi wa bure, wenye unagusa mama na pia mutoto mpaka siku 28. Ni jambo la muzuri na tunaliunga mukono bila aibu. Lakini hatutaki «bure» ya radio. Kama «bure» haihesabu sindano ya saa saba ya usiku, oksijeni, na mafuta ya jenereta, mutoto atakufa vilevile, tofauti ni kwamba atakufa bila fakturi. Na kama vituo havirudishiwi pesa yao kwa wakati, vitaanza kuomba chini ya meza, ao vitafunga.

Hatuombi ndege wala hospitali ya Ulaya. Dawa mbili zenye OMS inaweka mbele kwa mutoto muchanga mwenye maambukizo makali, ampisilini na jentamisini, ni dawa za zamani na za bei ndogo. Mupango wa kutunza watoto unasema wazi kwamba kituo kinapaswa kupiga sindano ya kwanza mbele ya kumutuma mutoto ku hospitali. Kile kituo cha kwanza chenye tulipita, kama kingekuwa na ampule mbili mu kabati, mutoto angepata dawa saa mingi mbele. Toka 2015, OMS inakubali hata kwamba pale familia haiwezi kufika hospitali, muganga mwenye alifundishwa anaweza kutunza baadhi ya watoto hao ku kituo chenyewe.

Na dawa ya baridi, mama iko nayo tayari. Mwaka wa 1978, kule Bogotá mu Kolombia, waganga wenye walikosa mashine za kutosha za kupasha watoto joto walianza kuwafunga ku kifua cha mama, ngozi ku ngozi. Wakaita njia hiyo ya kanguru. Toka 2022, OMS inaomba ianze mara tu mutoto muchanga mwenye uzito mudogo anapozaliwa, kwa saa 8 mpaka 24 kila siku. Inaomba kitenge, kifua cha mama ao cha baba, na mutu wa kuwaeleza. Mama yule alirudishwa nyumbani na mutoto wa gramu 2.100, na hakuna mwenye alimuonesha.

KWA WAZAZI: MAMBO YA KUANGALIA LEO USIKU

Tunaandika hapa kile tulipaswa kujua. Mutoto wa chini ya miezi miwili, akiwa na hata jambo moja kati ya haya, apelekwe ku muganga mara moja, hata kama ni usiku:

– anakataa ziwa, ao ananyonya kidogo sana kuliko jana;
– anahema mara 60 ao zaidi mu dakika moja. Hesabu dakika nzima, mutoto ametulia, kiisha hesabu tena kuhakikisha;
– kifua kinazama ndani sana kila anapovuta pumuzi, ao anatoa sauti ya kuguna;
– mwili ni moto, ao ni baridi hata kama amefunikwa;
– amelegea, hachezi mpaka umuguse, ao anashikwa na kifafa;
– midomo ao ulimi unageuka rangi ya buluu.

Usingojee kikohozi. Usimupe dawa ya farmasi ya pembeni. Usimupe maji. Mufunge ku kifua chako, ngozi ku ngozi, umufunike juu na kitenge na kofia, na mutoke. Mbabula ibaki inje.

YENYE TUNAOMBA

Kwa serkali ya jimbo na kwa wakubwa wa afya:

1. Mustari wa pili mu daftari. Kila mara wanapoandika «alichelewa kufika», waandike pia kwa nini: pesa, njia, umeme, dawa, ao kukosa muganga. Na waandike saa ya kufika na saa ya dawa ya kwanza. OMS ilitoa mwongozo toka 2016 wa kuchunguza kila kifo cha mutoto muchanga. Kazi hiyo haiombi pesa mingi, inaomba ukweli. Hesabu hizo zitangazwe kila miezi mitatu, bila majina ya wagonjwa.

2. Sindano ya kwanza mbele ya pesa. Mutoto wa chini ya siku 28 mwenye dalili za hatari atunzwe kwanza, mambo ya fakturi yaje nyuma. Hakuna kushika mama, maiti, simu wala kadi ya mutu kama dhamana.

3. Ampule za ampisilini na jentamisini, na chombo cha kupima oksijeni, mu kila kituo chenye kinazalisha wamama. Kituo chenye hakina vitu hivyo kinapaswa kujulikana, na juma lenye linafuata kiwe navyo.

4. Umeme wa jua ku vyumba vya watoto wachanga, na betri zenye zinaweza kubeba mashine ya oksijeni usiku muzima. Jua tuko nalo.

5. Mishahara ya waganga ilipwe. Muganga mwenye hajalipwa miezi sita hawezi kuwa macho saa saba ya usiku kwa watoto kumi.

6. Mama mwenye mutoto wa uzito mudogo asirudishwe nyumbani bila kufundishwa njia ya kanguru, na RECO wa kartie amutembelee mu juma la kwanza.

Kwa wabunge wetu wa jimbo na wa taifa: mbele ya kupiga kura ya bajeti, mutuoneshe mustari wa watoto wachanga. Mutuambie ni franka ngapi, na mwaka jana ni ngapi zilitoka kweli ku kasha. Tutakuja kuuliza, kwa amani, na karatasi mu mukono.

YENYE SISI WENYEWE TUTAFANYA

Hatutaki kuomba tu na kurudi kulala. Kuanzia juma hili tumegawana kartie zetu. Kila mumoja atapita nyumba kwa nyumba na RECO, kuonesha wazazi namna ya kuhesabu pumuzi, na saa ya simu inatosha kwa kazi hiyo. Tunazungumuza na wenye pikipiki wa kila kituo cha barabara ili kuwe mumoja wa zamu usiku, bei ya muchana, kwa mama na mutoto mugonjwa. Na kila mara mutoto atakufa mu kartie, tutaenda kwa kilio kama kawaida, kiisha, familia ikikubali, tutaandika sisi wenyewe ule mustari wa pili. Daftari ya serkali ikikataa kuuliza, yetu itauliza.

Dada ya mwenzetu ameanza tena kuuza nyanya. Anasema maziwa yalikauka juma la tatu. Baba ya mutoto alipata simu yake, lakini kadi ya mupiga kura ingali mu droo ya ile hospitali, juu deni halijaisha. Kila mutu anajua kwamba mu inchi hii kadi hiyo njo kitambulisho. Bila yeye, ku barrière anapoteza franka kila safari.

Siku ingine watakuja tena Kadutu na t-shirt na muziki, kuomba yule baba kura yake. Tutakuwa pale. Tutawaambia kadi iko wapi, na iko pale juu ya nini.